Sauti aliisikia, neno hakulipata

Redio ilikuwa inaunguruma sebuleni, feni inazunguka, wadogo zake wanagombea mpira. Binti wa miaka minane akasogelea sufuria la uji lililokuwa limeepuliwa muda huo huo. "Usishike!" mama alipiga kelele kutoka mlango wa uani. Binti aligeuka, akamtazama, kisha akalishika kwa mikono miwili.

Malengelenge yalipona. Maneno ndiyo yaliyobaki nyumbani. Baba alisema mtoto ni mkaidi. "Amevaa shime sikio masikio yote mawili, kwa pesa yote ile, atasemaje hakusikia?" Bibi naye aliona mjukuu amedekezwa. Mama alinyamaza, maana hata yeye alijua kwamba mtoto alisikia. Si aligeuka?

Jibu lilipatikana siku ya kurekebisha vifaa hivyo kliniki. Mtaalamu wa usikivu alimwuliza binti mama alisema nini siku ile.

"Alisema ushike. Nikashika."

Kati ya "ushike" na "usishike" kuna silabi moja tu. Sauti ya "s" ni nyembamba na hafifu, na kwa watoto wengi wenye upungufu wa kusikia, sauti za namna hiyo ndizo zinazopotea zaidi. Irabu zina nguvu, hivyo mtoto hujua kwamba mtu anaongea, lakini neno humfikia likiwa na matundu. "Fika", "pika" na "shika" huweza kusikika kama neno moja.

Shime sikio hujitahidi kuziba matundu hayo. Ndani yake mna kompyuta ndogo inayokuza zaidi sauti hafifu na kuzibana zilizo kubwa ili zisimuumize mtoto. Hapo mama alishtuka: kumbe kupiga kelele hakukuwa msaada. Ukipiga kelele, irabu ndizo zinazokua zaidi, kifaa nacho kinaibana sauti, na ile "s" inabaki nyuma.

Kifaa huweza pia kupunguza mvumo wa feni. Lakini mtangazaji wa redio naye ni mtu anayeongea, na kifaa hakijui kwamba mtoto anamtaka mama. Isitoshe, sikio la ndani likishaharibika huchanganya sauti zinazokaribiana hata zikikuzwa. Ndiyo maana shime sikio si kama miwani, ambayo wengi wakiivaa huona sawasawa papo hapo.

Mtaalamu alipima upya, akaongeza kidogo nguvu ya sauti nyembamba. Hakuongeza sana, kwa sababu kifaa kikizidishwa huanza kupiga filimbi sikioni. Yaliyobaki aliwaachia wenye nyumba: msogelee mtoto, kwa kuwa sauti hupungua haraka kadiri umbali unavyoongezeka. Mwache akuone uso. Zima redio. Ongea kwa sauti ya kawaida, bila kukimbiza maneno. Asipoelewa, usirudie neno lile lile mara tano, tafuta jingine. "Acha, lina moto" humfikia vizuri kuliko "usishike". Na usimwulize "umesikia?", kwa sababu atajibu "ndiyo" ili yaishe. Mwulize umesema nini.

Baba alisimuliwa yote hayo jioni. Hakusema kitu, na msamaha hakuomba. Lakini Jumapili iliyofuata, wakati taarifa ya habari inaendelea, aliinuka akazima redio mwenyewe. Bibi aliguna. Baba alikwenda jikoni, akamgusa binti begani, akasubiri ageuke.

"Acha hilo, mwanangu, lina moto. Nimesemaje?"

"Umesema niache, lina moto."

Baba alichukua kitambaa, akaliondoa sufuria mwenyewe, kisha akarudi kukaa. Redio hakuiwasha hadi walipomaliza kula.