Tulipowaaga Watoto wa Nakivale

Akina mama wenzetu, kuagana na watoto si jambo geni kwetu. Tunawapeleka bweni, tunawaoza, tunawasindikiza stendi waende mjini kutafuta maisha. Lakini kuna kuagana kwingine ambako mama zetu hawakutufunda, nako ni kuagana na watoto wa wenzenu mliowazoea, katika nchi isiyo yenu, bila kujua kama mtaonana tena.

Sisi, mume na mke, ni walimu wastaafu wa Bukoba. Februari 2019 tulivuka mpaka kwenda kujitolea katika shule moja ya msingi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Tuliahidi miaka miwili, yaani mihula sita. Watoto wetu wakubwa walikwisha kujitegemea, na kitindamimba alikuwa bweni, kidato cha tatu, likizo akienda kwa shangazi yake.

Makazi hayo ni ya zamani sana. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na tulipofika yalikuwa na zaidi ya watu laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Wengi hawaishi katika mahema kama tunavyodhani tukisikia neno kambi. Hupewa kipande cha ardhi, wakajenga vijumba vya udongo na kulima mahindi na maharage.

Shida tuliyoikuta ni ya lugha. Uganda mtihani wa kumaliza darasa la saba hufanywa kwa Kiingereza, na mtoto aliyetoka Kivu alisomeshwa kwa Kifaransa. Basi mvulana wa miaka 14, aliyekwisha kufika darasa la sita kwao, anaketi darasa la pili, magoti yakigusa kidevu, kati ya watoto wa miaka saba wanaomcheka. Wengine huvumilia wiki mbili, kisha humwoni tena. Walimu wa shule ile walikuwa hodari lakini walikuwa wachache, na si wote waliojua Kiswahili. Ndipo tulipopata kazi yetu. Kila alasiri tuliwakusanya hao wakubwa, watoto 38, tukawafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili kwanza, halafu tukawapa maneno yake ya Kiingereza. Hatukufanya muujiza wowote, ila kufikia Desemba 2019, watoto 11 walirushwa hadi darasa la tano.

Kiswahili chao nacho kilitufurahisha. Kwao "kurudia" ni kurudi, na badala ya kuuliza "lini" wanauliza "siku gani". Siku za kwanza mtoto alituuliza, "Mwalimu, mutarudia?" Tukadhani anataka tulirudie somo, tukaanza tena upya, darasa zima likacheka.

Mwaka 2020 tulikuwa na mipango mingi. Kisha ukaja ugonjwa wa Korona. Tanzania ilifunga shule tarehe 17 Machi, na binti yetu akaenda kwa shangazi. Kesho yake jioni Rais wa Uganda alitangaza kwamba shule za nchi hiyo nazo zifungwe ifikapo Ijumaa tarehe 20, na mikusanyiko isimame kwa siku 32. Tulisema vema, ni mwezi mmoja. Ijumaa ile tuliagana na watoto kama watu wanaokwenda likizo. Tuliwapa mazoezi ya hesabu wakaondoka wakirusha vumbi.

Jumamosi likatoka tangazo jingine: mpaka unafungwa kwa wasafiri usiku wa Jumapili, tarehe 22. Malori ya mizigo tu ndiyo yangepita.

Wasomaji wetu, usiku ule hatukulala. Upande mmoja wako watoto 38 tuliowaahidi mwaka mzima. Upande wa pili yuko binti mmoja wa miaka 17, na shangazi yake mwenye ugonjwa wa sukari. Tuliulizana: mmoja abaki, mwingine aende? Tukaona kwamba shule imefungwa na kukusanyika kumekatazwa, kwa hiyo atakayebaki atakaa ndani tu huku nyumba yetu ikigawanyika kwa muda usiojulikana. Tukaamua kwenda wote. Mpaka leo tunaamini ulikuwa uamuzi sahihi, ingawa haukuwa mtamu.

Muda wa usiku uliobaki tuliutumia kuandika. Kwa taa ya sola tuliorodhesha maneno 200 ya hesabu na sayansi, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na alfajiri tukamwamsha kijana mwenye mashine ya kopi pale Base Camp.

Asubuhi habari zilikwisha kuenea. Hakukuwa na ibada siku hiyo, lakini watoto kama ishirini walikuja uani kwetu, wakasimama mbalimbali kama walivyosikia redioni. Mama atatuelewa: kumuaga mtoto bila kumshika hata mkono ni jambo zito. Karatasi tuliziweka juu ya kigoda, kila mmoja akaja kuchukua yake kwa zamu.

Msichana mmoja, aliyemlea mdogo wake tangu mama yao alipofariki, ndiye aliyeuliza: "Mutarudia siku gani?"

Tulikuwa tumekubaliana usiku kwamba hatutawaahidi siku. Tuliwahi kuona wageni wa majuma mawili wakigawa pipi na kuwaambia watoto "tutaonana mwakani", na tukaona watoto wakihesabu miezi. Watoto wale walikwisha kuachwa na wengi, na wengine waliachwa njiani usiku. Kwa hiyo tulimjibu kweli: hatujui siku, mpaka unafungwa leo, na tuna mtoto nyumbani. Aliitikia kwa kichwa. Hakulia. Afadhali angelia.

Bibi mmoja jirani alileta kilo mbili za maharage ya mgao. Tulitaka kukataa, kisha tukapokea, maana kukataa zawadi ya maskini ni kumkumbusha umaskini wake. Mwezi uliofuata mgao wa chakula wa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30 kwa kuwa fedha za wafadhili zilipungua. Tuliyakumbuka sana maharage yale.

Tulipita Mbarara na Masaka, tukavuka Mutukula saa mbili usiku.

Tanzania shule zote zilikuwa zimefunguliwa kufikia mwisho wa Juni mwaka huo huo. Uganda hawakuwa na bahati hiyo. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba 2020, mengine yakafuata kidogo kidogo, yakafungwa tena Juni 2021, na shule zote zilifunguliwa tarehe 10 Januari 2022. Ni karibu miaka miwili, na wasichana wengi nchini walirudi darasani wakiwa wameacha vichanga nyumbani, au hawakurudi kabisa.

Februari 2022 tulikwenda kuwatazama. Kati ya wale 38 tuliwakuta 16 darasani. Mvulana wa magoti marefu alikuwa akifyatua matofali, akatuambia kwa upole kwamba shule sasa ni ya wadogo. Familia nyingine zilikwisha kuhama.

Yule msichana tulimkuta kwake, mtoto mgongoni, akipepeta mahindi. Alitukaribisha viti, kisha akaingia ndani akatoka na ile karatasi, imeshonewa nailoni. Nyuma yake alikuwa ameongeza maneno kwa mkono wake, yale aliyoyasikia zahanati alipokuwa mjamzito na alipompeleka mtoto chanjo. Mawili hakujua namna ya kuyaandika kwa Kiingereza. Akatupa kalamu, tukamwandikia.