Neno "Toa" Katika Barabara ya Masaka

Wahenga walisema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sisi walimu wa Kiswahili tumeifundisha methali hiyo miaka nenda miaka rudi. Tumeiandika ubaoni na kuitungia maswali ya mitihani. Lakini yapo mambo ambayo mtu huyafundisha kwa muda mrefu kabla ya yeye mwenyewe kufundishwa. Mimi nilifundishwa kitenzi "kutoa" barabarani, nikiwa na malengelenge katika nyayo zote mbili, na aliyenifundisha ni bibi mmoja asiyejua Kiswahili ila maneno machache, nayo yote ni ya amri.

Mwishoni mwa muhula wa pili wa mwaka 2024, sisi marafiki saba, walimu watano na wanachuo wawili wa ualimu, tuliazimia kwenda kwa miguu kutoka Masaka hadi Kampala, mwendo wa kilomita zipatazo 130, kwa siku nne. Nia yetu ilikuwa kukusanya fedha za kununulia tangi la maji ya mvua kwa ajili ya shule moja ya msingi anayofundisha mwenzetu mmoja. Watoto wa shule hiyo walikuwa wakiteremka bondeni kila asubuhi kuchota maji katika chemchemi ambayo ng'ombe pia hunywea, na wasichana ndio waliochelewa vipindi zaidi. Safari za namna hii siku hizi huitwa matembezi ya hisani. Neno "hisani" tumelipata kutoka Kiarabu, nalo ni wema atendao mtu kwa hiari yake, pasipo kushurutishwa. Namwomba msomaji aikumbuke maana hiyo, kwa sababu ndiyo tuliyoisahau siku ya kwanza.

Maadamu tulikuwa watu wa Kiswahili, tulijiwekea sharti moja: njia nzima tutasema Kiswahili tu. Tulitaka wananchi wakione Kiswahili kikifanya kazi ya wema. Wenzetu wa nchi nyingine huenda wasielewe kwa nini jambo hilo lilikuwa na uzito kwetu. Hapa Uganda lugha hii haikukosa amri za kuipandisha cheo. Mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, ikawa lugha rasmi ya pili. Na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo, wako wazee wengi, hasa katika Buganda, ambao wakisikia Kiswahili husikia kwanza sauti ya askari kizuizini. Mambo hayo tuliyajua vitabuni. Hatukuyafikiria tulipokuwa tukiandika bango.

Bango lenyewe niliandika mimi, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa: TOENI! TOENI MLICHO NACHO! Nilijivunia herufi zangu.

Tuliondoka Masaka alfajiri, tukiwa na barua ya ruhusa ya polisi, vizibao vya kung'aa, kipaza sauti kimoja, na ndoo yenye mfuniko uliotobolewa tundu la kupitishia fedha. Tulishika upande wa kulia wa barabara ili tukabiliane na magari yajayo, maana barabara hiyo ina mabasi ya Mbarara na malori ya ndizi ambayo hayana subira. Mwalimu mkongwe kati yetu alitupunguzia uchovu kwa masimulizi. Alitukumbusha jinsi Mwalimu Nyerere, mwezi Oktoba 1967, alivyotembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. "Naye alikuwa rais," akasema, "nanyi mnalia kwa ajili ya raba zinazobana."

Watoto walitukimbilia wakituamkia "Mugyebale!", yaani poleni na kazi. Lakini watu wazima waliliangalia bango, wakanyamaza. Wengine waliingia ndani. Kufikia alasiri ndoo yetu ilikuwa nyepesi mno, nasi tulianza kulaumu ubahili wa watu.

Karibu na Lukaya tulimkuta bibi mmoja ameketi mbele ya kibanda chake, amepanga mafungu ya nyanya na fenesi lililokatwa vipande. Mmoja wa wale wanachuo, kijana mchangamfu, alimsogelea na kipaza sauti mkononi, akasema kwa furaha, "Mama, toa! Toa chochote ulicho nacho!"

Yule bibi alisimama. Akainua mikono yote miwili hadi usawa wa mabega, viganja vikitutazama.

Kijana alidhani ni mzaha, akacheka. Bibi hakucheka. Mwalimu mkongwe alimpokonya yule kijana kipaza sauti, akavua kofia, akapiga magoti mbele ya bibi kama ilivyo desturi ya Buganda, akamwamkia kwa Kiganda. Sharti letu la Kiswahili likavunjika hapo hapo. Kidogo kidogo mikono ya bibi ikashuka. Alituangalia mmoja mmoja, vizibao vyetu, ndoo yetu, miguu yetu. Kisha akaagiza mjukuu wake atuletee mkeka.

"Jajja," mwalimu akamwambia, "tusamehe. Tumekutisha."

Alitusimulia kwa Kiganda, nami nayaeleza kwa Kiswahili niwezavyo. Mwaka 1979 alikuwa mke mbichi, mwenye mtoto wa kwanza mgongoni. Vita vya Kagera vilikuwa vimevuka mpaka. Mwezi Februari Masaka ilitekwa, na mizinga iliusambaratisha mji. Mwezi Machi mapigano yakafika Lukaya, ambako majeshi ya Tanzania yalipambana na askari wa Amin pamoja na Walibya waliotumwa kumsaidia. Watu walikimbilia vijijini. Yeye na mumewe walikutana na askari wa Amin waliokuwa wakirudi nyuma. Wakaambiwa, "Toa baiskeli." Wakaitoa. "Toa saa." Mumewe akaivua. "Toa pesa."

Baada ya siku kadhaa wakaja wale ambao Waganda waliwaita bakombozi, yaani wakombozi. Watu walishangilia. Askari mmoja kijana, vumbi tupu, alimjia mlangoni akasema, "Mama, toa maji."

"Nilimpa," bibi akasema. "Alikunywa, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. Nadhani alikuwa mtoto wa watu wazuri. Lakini, baana bange, neno lilikuwa lile lile. Mpaka leo sijui kama aliniomba au aliniamuru."

Kisha akanyosha kidole kwenye bango langu. Hakujua kusoma Kiswahili, lakini neno la kwanza alilitambua.

Ndugu walimu, nimefundisha kauli ya kuamuru kwa zaidi ya miaka 20. Naweza kueleza kwamba "toa" ni amri kwa mmoja, "toeni" kwa wengi. Kwamba ukiongeza kiishio -e hupata "utoe" na "mtoe", ambavyo hulainisha amri ikawa ombi au nasaha. Kwamba Mswahili muungwana haanzi na kitenzi peke yake, bali hutanguliza "naomba", "tafadhali", au jina la heshima la yule anayesemeshwa. Yote hayo nayajua. Lakini sikupata kufikiri kwamba kanuni hiyo ndogo ya sarufi ina watu ndani yake, na kwamba mtu anaweza kuishi miaka 45 akiwa hana hakika kama aliombwa au aliamriwa.

Usiku ule tulilala katika ukumbi wa shule, tukitumbua malengelenge na kubishana. Mwanachuo wa pili, binti mpole ambaye mchana kutwa hakusema neno, alipendekeza tugeuze bango na kuandika upande wa nyuma "Tunaomba", na chini yake kwa Kiganda "Tusaba". Mwalimu mmoja alikataa katakata. Alisema kwamba tukianza kuona haya kwa Kiswahili, tutakuwa tumewaunga mkono wale wanaokiita lugha ya wezi na wanajeshi. Kwamba askari walitumia pia viatu, nasi hatujavivua viatu. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Mwalimu mkongwe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hatuoni haya kwa Kiswahili. Tunaona haya kwa sababu tumekisema vibaya. Mswahili gani huingia kwa mtu na kusema toa bila hodi?"

Hakuna aliyejibu. Asubuhi tulinunua kalamu nene ya wino mweusi dukani, na safari hii aliyeandika ni yule binti.

Tulipopita tena mbele ya kibanda, bibi alilitazama bango jipya. Mjukuu wake, ambaye shuleni amekwisha kuanza Kiswahili, alimsomea kwa sauti: "Tunaomba." Bibi hakutia fedha ndooni. Alitupatia fenesi zima, tukalibeba kwa zamu mpaka tukalimaliza. Tulipokuwa tukiondoka alitupungia mkono, na kwa kuwa alitaka kutuaga kwa lugha yetu, alitafuta maneno ya Kiswahili aliyo nayo. Akapaza sauti, "Haya, twende! Upesi! Upesi!" Hayo ndiyo maneno aliyoachiwa na vizuizi vya barabarani, naye aliyasema akitabasamu, kwa wema wote wa moyo wake. Sijapata kuagwa vizuri zaidi.

Siku ya pili ilikuwa ya kinamasi cha Lwera, ambako barabara hupita kati ya matete, mashamba ya mpunga na mashimo ya wachimbaji wa mchanga. Wauza samaki waliwatundika samaki wao kando ya njia. Kijana mmoja alitukimbilia akinadi "Mamba! Mamba!", na mwenzetu mmoja aliyesomea Tanga aliruka hatua mbili nyuma. Ilitubidi tumweleze kwamba kwa Kiganda emmamba ni samaki, yule ambaye Waswahili wengine humwita kambale mamba, na kwamba uko ukoo mzima wa Baganda wenye mwiko wa kumla. Tulicheka mpaka tukasahau miguu. Tukavuka mto Katonga, ambao mwezi Mei 2023 mafuriko yake yaliharibu daraja na kuikata barabara hii kuu. Wapakiaji wa mchanga waliokuwa wamepumzika hapo walituuliza tunaomba nini, tukaeleza, wakachanga. Jioni tulifika Kayabwe, tukavuka Ikweta pamoja na watalii waliokuwa wakipigwa picha.

Siku ya tatu nitaipita upesi, kwa sababu sikumbuki mengi ila maumivu. Tulipita Buwama na Kamengo. Mwenzetu mmoja goti lilimvimba, tukampandisha bodaboda kwa nguvu huku akilalamika kwamba tunamwaibisha. Kule Mpambire, karibu na msitu wa Mpanga, mafundi wa ngoma waliacha kuwamba ngozi, wakatupigia ngoma tulipokuwa tukipita. Nilishangaa jinsi miguu iliyokufa inavyoweza kufufuka kwa mdundo. Tulilala Mpigi. Siku ya nne tuliingia Kampala kwa njia ya Nsangi na Kyengera, katikati ya moshi, honi na umati wa watu, sisi saba tena, maana yule wa goti alitusubiri Busega akakataa kata kata kumaliza safari juu ya pikipiki.

Tulipoihesabu fedha ya ndoo, hatukufikia bei ya tangi. Tulipungukiwa na theluthi moja hivi, tukaijaza wenyewe pamoja na wazazi wa shule. Tangi lilisimamishwa juu ya jukwaa la matofali, likaungwa na mifereji ya bati, na mvua za vuli zikalikuta tayari. Ningependa kusema kwamba tulipogeuza bango ndoo ikajaa, lakini huo ungekuwa uongo. Watu wa siku ya pili walitoa zaidi, ndiyo. Lakini Lwera na Kayabwe kuna biashara kubwa kuliko vijiji tulivyopita siku ya kwanza. Nisemalo kwa hakika ni kwamba baada ya kuligeuza, watu walikuja kutuuliza. Na mtu akikuuliza, mazungumzo yameanza.

Bango hilo sasa limetundikwa darasani kwangu kwa kamba, ili liweze kugeuzwa. Kila mwaka, kidato cha kwanza kinapofika kwenye kauli ya kuamuru, nawaomba wanafunzi wasome upande mmoja, kisha wa pili, halafu niwasimulie habari za bibi wa Lukaya. Aidha, nimeubadili mpangilio wa masomo yangu ya mwanzo. Wengi wetu tulifundishwa, nasi tukafundisha, kuanza na maneno yanayoonekana kwa vitendo: Simama! Kaa! Njoo! Leta! Ni njia rahisi kwa mwalimu, na wanafunzi huifurahia. Lakini katika nchi kama yetu, mtoto anayerudi nyumbani jioni ya kwanza na maneno hayo manne huenda akayasema mbele ya babu yake anayeyajua kwa namna nyingine.

Kwa hiyo mimi sasa huanza na "hodi", kisha "shikamoo", kisha "naomba". "Simama" na "leta" huja katika juma la tatu. Nawaomba wenzangu wanaofundisha katika nchi zilizopitiwa na vita walijaribu jambo hili, halafu watuandikie katika kurasa hizi jinsi lilivyopokelewa.