Pua inakubali, gurudumu linakataa

Huko Japani, vijana waliovunja pua ya Nissan 180SX katika mchezo wa kuserereka kwenye kona walipata dawa yake: kapo, bampa na taa za Silvia S13. Magari hayo mawili ni ndugu, yamejengwa juu ya chasisi moja, kwa hiyo vipande vinaingiliana. Mwaka 1998 kampuni moja ya huko hata iliuza gari la namna hiyo, likiitwa Sileighty.

Lakini magurudumu ni jambo lingine. 180SX ina boloti nne. Jante ya Silvia S15 inataka tano. Mwenye kutoboa jante ili iingie, badala ya kubadilisha habu, anacheza na roho za watu. Bampa ikianguka ni hasara. Gurudumu likichomoka ni msiba.