Chaki mkono huu, kalamu mkono ule

Bumu limeshakata, tunaishi kwa chapati na chai ya rangi, lakini leo sitalia njaa. Nina jambo la ualimu linanikaa kichwani.

Mwenzenu nasomea ualimu lakini roho iko kwenye riwaya. Ninayo moja kwenye kaunta buku, imefika sura ya 6, na TP ndiyo hiyo inakuja. Mama anahesabu miezi nimalize nipate ajira, maana nyuma yangu wapo wadogo zangu watatu. Nikitaja uandishi ananiuliza, "Na huo nao unalipwa mwisho wa mwezi, mwanangu?" Nanyamaza. Kweli haulipwi.

Ila cheki hao tunaowasoma darasani. Shaaban Robert alianza ukarani wa forodha 1926, na karibu maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa serikali ya mkoloni. Amefariki 1962. Yaani vitabu tunavyovipigia desa usiku kucha, vingi viliandikwa na mtu ambaye asubuhi alitakiwa awe ofisini! Kezilahabi naye alihitimu hapa hapa Mlimani 1970, akaenda kufundisha sekondari, na Rosa Mistika ikatoka 1971.

Rumu-meti wangu anasema najidanganya. Hoja yake ina uzito, lazima nikiri: karani akifunga faili, limebaki ofisini. Mwalimu je? Azimio la kazi, andalio la somo, madaftari ya mikondo miwili, halafu uwe na zamu wiki hiyo. Unarudi nyumbani sauti imekauka, hiyo riwaya utaiandika na nani? Yeye anasema bora nitafute kazi gazetini kabisa.

Mi naona gazetini ndiko nitakakochoka maneno. Ukishinda unaandika habari za watu wengine, jioni utatamani kushika jembe, siyo kalamu. Halafu darasani kuna watoto, na watoto wanaongea vitu ambavyo mimi peke yangu nisingevibuni. Na ipo likizo ya Juni na ya Desemba.

Mama sijamwambia kuwa kaunta buku linaenda TP pamoja nami. Shule niliyopangiwa nasikia umeme haujafika, kwa hiyo nimenunua betri nne za tochi. Nitakuwa naamka saa kumi alfajiri, nione sura ya 7 itafika wapi kabla ya kengele ya namba.

Haya, nawahi Yombo, kuna semina saa nane.