Namchora Mbwa Ambaye Sijawahi Kumgusa

Sijawahi kumgusa corgi maishani. Nimemwona mmoja tu kwa macho yangu, pale Karen, amekaa kiti cha mbele cha gari amestarehe kuliko venye mimi hukaa kwa matatu ya Rongai. Na bado ndiye analipa kodi ya keja yangu.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ilikuwa imekwama na mimi mwenyewe nilikuwa nimekwama. Nikaanza kuchora kwa simu. Dizaini naweka mtandaoni, kampuni ya huko nje inazichapisha kwa vikombe, fulana na soksi, mimi napata kitu kidogo kwa kila oda. Nilichora twiga. Nilichora mbuyu na jua likizama. Hakuna mtu alinunua. Siku moja, kwa kuchoka tu, nikamchora corgi kutoka nyuma, makalio mawili kama maandazi yaliyoumuka. Wiki hiyo vikombe 11 vikaenda.

Mama alipoona hiyo picha alinyamaza kwanza. Halafu, "Sasa mwanangu, hii ndiyo uliachia digrii? Matako ya mbwa?"

Enyewe sikuwa na jibu. Nikaamua kama ni matako ya mbwa, basi nimjue huyo mbwa vizuri. Kumbe ni mbwa wa kazi! Anatoka Wales, na yule maarufu anaitwa kwa jina la Pembroke. Begani ana sentimita 25 hadi 30 tu, na huo ufupi ndio zana yake. Anaswaga ng'ombe kwa kuwauma visigino, na ng'ombe akirusha teke, linapita juu ya kichwa. Sisi tunamcheka miguu, yeye miguu ndiyo imemweka hai.

Halafu kuna Malkia Elizabeth. Mwaka wa 1944, akitimiza miaka 18, alipewa corgi anaitwa Susan, na kwa huyo ndiko ukoo wa corgi wake ulitoka. Ndiyo maana zawadi nyingi za corgi zina taji kichwani. Taji linauza, sitakudanganya. Lakini mimi silichori. Huyo ndiye alikuwa Treetops, Nyeri, Februari 1952 babake alipofariki akawa malkia, na mwaka huo huo haukuisha kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa. Cucu wangu alilelewa ndani ya kijiji cha kuzungushiwa handaki, huko huko Nyeri. Nitakosa hizo oda, poa tu.

Sasa, mwezi uliopita mama mmoja wa Marekani akanitumia picha ya corgi wake. Alitaka kikombe cha kumpa mumewe. Mbwa ni mzee, miguu ya nyuma imekufa. Kuna ugonjwa wa uti wa mgongo unaowashika sana hawa mbwa, unaanza nyuma ukipanda polepole, na hauna tiba. Kwa hivyo amefungiwa kigari kidogo cha magurudumu mawili. Mimi nikajifanya mwerevu, nikatoa kigari, nikamchora akikimbia kwa nyasi. Akanirudishia na sentensi moja: rudisha magurudumu, mume wangu ndiye aliyayatengeneza.

Manze, niliona aibu. Nikachora upya, kila waya, kila kipande cha mpira.

Usiku huo nikamkumbuka Tosha. Kwetu Kieni, Tosha amerudisha kondoo zizini tangu nikiwa darasa la sita. Hana asili, hana karatasi, sikio moja lilikatwa na waya. Nimechora mbwa wa watu wa mbali zaidi ya 200 na sina picha yake hata moja. Nikampigia mama.

"Tosha apigwe picha? Ana harusi?"

Lakini saa tatu usiku ikaingia. Imetikisika, giza, Tosha amelala, na pembeni gambuti za mama zenye matope. Nikaichora vile ilivyo, na gambuti. Jamaa mmoja wa River Road akaniwekea kwa kikombe, 600 tu, nikakituma na matatu ya Nyeri.

Suala la digrii hajalirudia, ingawa najua liko. Kikombe amekiweka kabatini na vile vya wageni. Anasema hakitumiki.