Marehemu au si marehemu? Kadi ya harusi iliyotushinda kuandika



Mnatuuliza sana kuhusu shela, lesi, na rangi inayompendeza mwenye ngozi ya maji ya kunde. Leo tunaomba mtuvumilie, maana tunataka kuzungumza vita. Si vita vya mawifi. Ni vita vya bunduki vilivyoanza Burundi Oktoba 1993, na namna vilivyotufuata mpaka kwenye chumba chetu cha kushonea hapa Arusha, zaidi ya miaka 20 baadaye, tukiwa na gauni la nikaha juu ya meza na mtengeneza kadi anatupigia simu kila baada ya saa moja.

Kwa wasiotujua, sisi ni mtu na mdogo wake, watoto wa Pemba. Tulimaliza sekondari, tukasomea ushonaji, tukapandisha bara kutafuta riziki. Duka letu lipo mjini, si mbali na Soko Kuu. Arusha imetulea vizuri, ila baridi ya Julai hatujaizoea. Mlima Meru ukijifunika wingu asubuhi, vidole havishiki sindano mpaka chai ya tangawizi ishuke kooni.

Binti tunayemzungumzia alikuja kwetu kujifunza kazi. Mpole, mkono wake mwepesi, upindo wake huoni uzi ulipopita. Mama yake ni mtu wa Ujiji, Kigoma. Baba yake ni mtu wa Buyenzi.

Buyenzi ni mtaa wa Bujumbura, mji mkubwa wa Burundi ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ukitembea pale, wallahi unaweza kujidhani upo Ng'ambo. Kiswahili ndiyo lugha ya barazani, misikiti ipo, wanawake wamejitanda. Watu wa Buyenzi wamechanganyika, na kwa muda mrefu hawakupenda kuulizana nani Mhutu na nani Mtutsi. Basi Julai 1993 Melchior Ndadaye aliapishwa kuwa rais, wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za wananchi wote na Mhutu wa kwanza kushika kiti hicho. Hata miezi minne haikutimia. Tarehe 21 Oktoba wanajeshi wakamuua, na nchi ikawaka. Wahutu wakawaua majirani zao Watutsi vijijini, jeshi lililokuwa mikononi mwa Watutsi likaua Wahutu. Bujumbura ikagawanyika mtaa kwa mtaa: Kamenge ya hawa, Ngagara ya wale. Aliyekutwa upande usio wake hakupewa nafasi ya kujieleza. Machi 1995 mashambulizi yakafika Bwiza na Buyenzi pia, mitaa iliyokuwa bado na mchanganyiko, na maelfu wakavuka kwenda Uvira, upande wa Zaire ya wakati ule. Kabla vita havijatulia watu wapatao 300,000 walikuwa wamekufa.

Baba wa binti yetu alikimbia mapema, mwishoni mwa 1993, akashukia Kigoma. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge. Akaoa Ujiji, mtoto akazaliwa 1995. Kati ya 1996 akapata habari kwamba mama yake anaumwa huko Buyenzi, akapanda boti. Alifika salama, maana alituma salamu: atarudi baada ya Maulidi.

Mwaka ule Maulidi yaliangukia siku za mwisho za Julai. Tarehe 25 Julai Meja Pierre Buyoya akachukua nchi kwa mapinduzi. Tarehe 31 Julai marais wa nchi jirani wakakutana, na wapi kama si hapa hapa Arusha, wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Shehena zikazuiwa ziwani, mipaka ikabanwa. Vikwazo vile havikuondolewa mpaka Januari 1999. Tunasema bila kumlaumu mtu, maana waliovipanga walitaka kumaliza vita. Lakini mama wa Ujiji aliyekuwa akienda bandarini kila jioni na mtoto mgongoni hakuona amani ikija. Aliona maji tu.

Baba hakurudi. Si barua, si salamu, si mtu wa kusema nilimwona.

Tufike sasa 2018. Binti ana miaka 23, kaposwa na kijana wa Usa River, mtu wa dini, fundi wa magari. Mahari yamekubaliwa. Familia ya bwana harusi, watu wema kabisa, wakataka kadi ziende haraka kuchapwa. Na kwenye kadi zetu, kama mnavyojua, huandikwa familia ya fulani, na kama mzee hayupo, familia ya marehemu fulani. Wakaandika "marehemu". Kwao lilikuwa jambo dogo. Miaka 22 mtu hajaonekana, na kule kulikuwa na vita.

Mama alipoletewa mfano wa kadi kwenye simu, alipiga hapo hapo. Hakupandisha sauti. Alisema: "Mimi sijakaa eda. Nani ameniambia mume wangu amekufa?"

Tulinyamaza wote chumbani, hata cherehani tulizima.

Maana mnaliona lilivyo, wanawake wenzetu. Mke aliyefiwa ana miezi minne na siku kumi zake, ana nguo zake nyeupe, ana watu wa kumpa pole, halafu analia na mlango wa maisha unafunguliwa tena. Mama huyu hakupata hata siku moja ya hayo. Angeweza zamani kwenda kwa kadhi kuomba ndoa ifasikhiwe, au kesi ya mume aliyepotea iamuliwe. Sheria yetu ina njia. Hakwenda. Waposaji walikuja, akawajibu kwamba yeye ni mke wa mtu. Sisi tuna maoni yetu juu ya hilo, na tulimwambia kwa adabu, naye akatujibu kwa adabu kwamba tushone.

Kadi ilikuwa nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni walii. Wajomba wa Ujiji walikuwa tayari kuja Arusha kumwozesha, wamelea mtoto toka akitambaa. Shekhe wa hapa akawaambia kwa upole kwamba mjomba, hata akulee kwa asali, hawi walii wa nikaha, kwa kuwa uwalii unapita upande wa baba: baba mwenyewe, babu mzaa baba, kaka, mtoto wa kaka, ami. Akamgeukia binti akamuuliza swali ambalo hatukulitegemea: "Baba yako amekufa, au amepotea?"

Ni maswali mawili tofauti kabisa. Akithibiti amekufa, na babu hayupo wala kaka hakuna, uwalii unakwenda kwa ami kama yupo hai. Akiwa amepotea tu, haijulikani yupo wapi, hajafa mbele ya sheria, na kwa madhehebu yetu ya Shafi kadhi ndiye husimama mahali pake. Binti akamtazama mama yake. Jibu lolote atakalotoa linamgusa mama. Akisema amekufa, kamfanya mama mjane bila shahidi. Akisema amepotea, anasubiri tena mtu ambaye hata sura yake haikumbuki.

Shekhe hakumlazimisha. Alisema tafuteni kwanza watu wa Buyenzi.

Tulitafuta. Hapo ndipo tulipojua faida ya kuishi mji huu. Arusha ina watu wa maziwa makuu kila kona, na sababu ipo. Ukipita jengo la mikutano la AICC, lile lenye mabawa matatu ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, jua kwamba ndani mle vita vya jirani zetu viliwekwa mezani. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa humo mpaka Desemba 2015. Sisi tulishona nguo za baadhi ya wafanyakazi wake, sketi ndefu za kazini hasa, na hawakuwahi kutusimulia lolote. Baadaye tulijisomea wenyewe. Mwaka 1997 kesi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, ilikuwa haina shtaka la ubakaji hata moja. Wanawake mashahidi, majina yao yamefichwa kwa herufi, ndio waliosema yaliyowapata. Miongoni mwa majaji alikuwepo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, na maswali yakaulizwa. Hati ya mashtaka ikarekebishwa. Tarehe 2 Septemba 1998 ikaamuliwa hapa kwamba ubakaji unaweza kuwa ni kitendo cha mauaji ya kimbari, na hakuna mahakama ya kimataifa iliyokuwa imesema hivyo kabla. Na humo humo akahukumiwa Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa familia na wanawake wa Rwanda. Waziri wa wanawake, jamani. Kifungo cha maisha 2011, kikapunguzwa kuwa miaka 47 kwenye rufaa.

Warundi nao walizungumza hapa kuanzia Juni 1998, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi, na alipofariki Oktoba 1999 akafuata Mandela. Vyama na wajumbe wa pande 19, meza karibu nzima wanaume. Wanawake wa Burundi walikuja wenyewe, wakakaa ukumbini na vibarazani kuwashika wajumbe mikono. Julai 2000 wakapata mkutano wao hapa Arusha, wanawake zaidi ya 50, wawili kutoka kila upande, Wahutu na Watutsi, wakatoka na orodha moja. Walitaka mwanamke arithi ardhi, mbakaji asisamehewe kwa jina la vita, mtoto wa kike asome, na viti 30 kwa 100 katika uongozi. Mengi yakaingia kwenye mkataba wa tarehe 28 Agosti 2000. Ile asilimia 30 wakanyimwa, ikaja kupatikana kwenye katiba ya 2005. Kasoro kubwa ya mkataba ule ni kwamba makundi yenye bunduki msituni hayakuwepo kusaini, kwa hiyo watu waliendelea kufa miaka kadhaa baada ya kalamu kufungwa. Na 2015 pakachafuka tena. Wazee wa Kigoma wanakumbuka kijiji cha Kagunga kilivyojaa wakimbizi, kipindupindu kikaingia, na meli kongwe ya Liemba ikawa inapakia watu kama mahindi kuwapeleka Kigoma mjini.

Basi tulikuwa tunasema kutafuta watu. Mteja wetu mmoja ana ndugu Bujumbura. Tukarekodi ujumbe wa sauti: jina la baba, jina la babu, biashara yake, mwaka aliorudi. Ukazunguka kwenye makundi ya simu ya watu wa Buyenzi. Siku ya kumi na moja mzee mmoja akapiga. Hakuanza kwa salamu, alianza kwa kutaja jina la mama wa binti na mtaa aliokaa Ujiji. Ni ami yake, mdogo wake baba, tumbo moja.

Tuliwaacha wazungumze. Alichosema ami ni hiki: bibi alifariki wiki chache baada ya mapinduzi, kaka yake akamzika. Halafu asubuhi moja akatoka na koti na pochi yake kwenda kutafuta njia ya kurudi Kigoma kwa mke na mwanawe. Barabara zilikuwa na vizuizi vya kila namna. Ami aliuliza hospitali, aliuliza magereza, alivuka hadi Uvira kuuliza. "Sikumwona maiti, sitasema amekufa," alisema. "Lakini alikuwa anakuja kwenu."

Mama alikuwa amesimama. Akakaa chini kwenye marobota ya vitambaa. Miaka 22 wapo watu wa mtaani waliokuwa wakimnong'onea kwamba mwanaume alipata mke mwingine huko kwao.

Sisi tulipendelea ami awe walii, tungefurahi kumwona amekuja. Shekhe alisikia maelezo yote akapeleka suala kwa kadhi, na jibu likawa kwamba kifo hakijathibiti, baba ni mtu aliyepotea, kadhi atamwozesha. Ami akapewa heshima yake ya kusikiliza kwa simu na kuomba dua. Kadi zikachapwa kwa jina la baba, peke yake, bila neno lolote mbele. Mtengeneza kadi aliuliza mara mbili kama tumesahau.

Wapemba wenzetu wataelewa kwa nini jambo hili lilitukaa. Januari 2001, baada ya risasi za Wete na Micheweni, zaidi ya watu wetu 2,000 walivuka kwa ngalawa na mashua mpaka Shimoni, Kenya. Wengi walirudi. Lakini tunajua mama anayesimama pwani anavyotazama.

Gauni lilikuwa la satini ya rangi ya maziwa, mikono mirefu, lesi kifuani mpaka shingoni, bitana nzito kwa sababu ya baridi. Mama aliomba tushonee ndani ya upindo kipande cha kitenge cha zamani alichokuja nacho kwenye mkoba, cha bluu, kimefifia. Tulikishona kwa mkono. Nikaha ilifungwa Ijumaa baada ya Alasiri, simu ya ami ikiwa juu ya mto karibu na kadhi, mtandao ukakatika mara moja tukampigia tena. Jumatatu mama alipanda basi la Kigoma.

Binti anakaa Usa River sasa. Bado anafanya kazi kwetu, anakuja kwa daladala, na akichelewa husingizia foleni.