Maswali Yaliyokunjwa ya Dodona

Neno risasi limebeba mizigo miwili katika lugha yetu. Kwanza ni yale madini laini, mazito, ya rangi ya kijivu. Pili ni kile kitokacho mdomoni mwa bunduki. Maana ya pili imekaribia kuimeza ya kwanza, hata mtu akisikia neno hilo hushtuka kabla ya kuuliza. Nimelitafakari sana neno hili kwa miezi kadhaa, kwa sababu ya vipande vyembamba vya risasi vilivyofukuliwa Dodona, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki. Vipande hivyo havikutengenezwa ili kuua. Vilitengenezwa ili kuuliza.

Dodona palikuwa mahali patakatifu pa Zeus, aliyeitwa hapo Zeus Naios, na mwenziwe Dione. Washairi walipajua mapema. Katika Iliad, Homer anamwonyesha Achilles akimwomba Zeus wa Dodona na kuwataja makuhani wake, Selloi, wasionawa miguu na walalao juu ya ardhi tupu. Katika Odyssey tunasikia habari za mwaloni mrefu uliotoa shauri la mungu. Miti mingine hutoa kivuli. Mti huu ulitoa neno.

Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 KK, ana kisa ambacho kila mpenzi wa lugha angepaswa kukijua. Aliambiwa na makuhani wa kike wa Dodona kwamba njiwa wawili weusi waliruka kutoka Thebes ya Misri. Mmoja akatua Libya, wa pili akatua juu ya mwaloni wa Dodona na kunena kwa sauti ya binadamu. Herodotus hakukimeza kisa hicho kizima. Alisema njiwa yule alikuwa mwanamke aliyetekwa Misri na kuuzwa ugenini. Wenyeji walimwita ndege kwa kuwa usemi wake masikioni mwao ulikuwa kama mlio wa ndege, na walimwita mweusi kwa kuwa alikuwa Mmisri. Alipojifunza lugha yao, wakasema njiwa sasa anazungumza kama mtu. Kila nikikisoma kisa hiki hujiambia kwamba mwanamke yule alikuwa akizungumza kama mtu tangu siku ya kwanza. Kilichobadilika ni masikio ya waliomsikia.

Hiyo ndiyo Dodona ya vitabu. Dodona ya udongoni ilianza kufunuka mwaka 1875, pale Konstantinos Karapanos alipochimba katika bonde lililo chini ya mlima Tomaros na kuthibitisha kwamba mahali palipobishaniwa na wataalamu ndipo hapo. Alipata sanamu ndogo na vyombo vya shaba, na pamoja navyo vijipande vya risasi vilivyochorwa herufi. Baadaye mwanaakiolojia Dimitrios Evangelidis alifukua vingi zaidi. Kuvisoma ilikuwa kazi ya kuumiza macho: kipande kilikunjwa au kuviringishwa, na mara nyingi swali la zamani lilifutwa ili lichorwe jipya juu yake, basi maneno ya watu wawili au watatu yakalala kitanda kimoja. Maandishi 4,216 kutoka katika uchimbaji wa Evangelidis yalichapishwa mwaka 2013 na wataalamu watatu, Dakaris, Vokotopoulou na Christidis. Wote watatu walikuwa wamekwisha kufariki kitabu kilipotoka. Mwaka 2023 UNESCO iliviingiza vipande hivyo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Na ni nini kilichoandikwa humo? Mtu aliyelelewa na Homer angetazamia vita na falme. Miji ilituma maswali yake, ni kweli. Lakini sauti nyingi ni za watu wa kawaida: nioe? nisafiri? nifuge kondoo? Agis anauliza kuhusu mablanketi na mito ya kulalia iliyopotea: je, imeibwa na mtu wa nje? Kisha yuko Lysanias. Anamuuliza Zeus Naios na Dione kama kitoto alichokibeba Annyla tumboni hakikutokana naye.

Nilijaribu kulitafsiri swali hilo kwa Kiswahili nikakwama mahali pawili. Kwanza, nilipoandika "mimba ya Annyla si yake?" sentensi ikawa kichekesho, maana "yake" yaweza kuwa ya Annyla mwenyewe, na mimba ya Annyla haina budi kuwa ya Annyla. Ndipo nikarudi kwenye Kigiriki, ambacho kinasema "kutoka kwake", nikapata "kutokana naye". Pili, neno la Kigiriki, paidarion, ni la udogo, kama "kitoto" chetu. Na sote twajua kwamba ki- yetu ina nyuso mbili: mama humwita mwanawe kitoto kwa mapenzi, na adui humwita hivyo hivyo kwa dharau. Lysanias alikuwa na uso upi? Herufi zimekaa kimya. Nikaliacha neno na nyuso zake zote mbili, kwani nadhani hata yeye alikuwa nazo zote mbili.

Jambo jingine lililonigusa ni kwamba Lysanias hasemi "nauliza". Anasema "Lysanias anauliza." Nilipokuwa mtoto nilikuwa mwandishi wa barua za bibi yangu, ambaye hakujua kusoma. Alikuwa na mwana aliyekwenda mbali kutafuta kazi akanyamaza. Barua zote zilianza kwa utaratibu ule ule: salamu nyingi kama maji ya bahari, sisi huku hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Hapo sauti yake ilikuwa imara. Kisha siku moja akasema, "Andika: mama yako anauliza, amekukosea nini?" Nikaandika vivyo hivyo. Sikujua wakati ule kwa nini mtu ajiite "mama yako" na "yeye" ilhali ameketi hapo hapo mkekani. Leo naona kwamba lile "anauliza" lilikuwa kanga ya kujifunikia uso. Swali lililo zito mno kulisema kwa nafsi ya kwanza hupewa nafsi ya tatu ilibebe. Jibu halikuja.

Majibu ya Dodona nayo ni machache mno katika vipande hivyo. Tunayo maelfu ya maswali, na karibu hatujui watu hao walirudi nyumbani na neno gani. Kwa mwanahistoria hilo ni pengo. Mimi naliona kuwa somo kwa sisi tunaotunga. Wagiriki walikuwa na msemo juu ya vyombo vya shaba vya Dodona, vilivyopangwa vikigusana hata ukigonga kimoja vyote hulia kwa zamu. Mtu asiyekoma kusema walimfananisha navyo. Nasi twajua habari za debe tupu. Mashairi yetu mengi yana majibu kabla hayajauliza lolote. Vipande vya risasi vina nafasi ya mstari mmoja au michache, na kila herufi ililazimika kuchorwa kwa nguvu ya mkono. Aliyeandika aliandika lile tu alilohitaji kujua.

Mmoja wao ni Kittos, mtumwa. Aliuliza kama atapata uhuru alioahidiwa na Dionysios. Basi. Hakuna kilio, hakuna tashibiha. Sikuweza kumtafsiri bila kumwongezea neno, na kuongeza ni kumwibia. Kwa hiyo nimeliacha swali lake kama lilivyo, na pembeni nikatunga ubeti huu, ulio wangu na si wake:

Nimeandika risasi, nimekunja na kungoja,
Si mali wala farasi, nililoomba ni moja,
Ahadi yake halisi, au kwake ni vioja?
Moyo una wasiwasi, lini jibu litakuja?